Nyumba Tisa za Ak-Kungey

Tuura-Suu mjini
3 Machi 1910

Kwa dada yangu mpenzi Burulcha,

Salaam nyingi baada ya kukuulizia hali. Mimi ni mzima, nasumbuliwa na kikohozi tu. Natumai barua hii itakukuta salama pamoja na shemeji, watoto na mzee mkwe wako. Mzee umfikishie heshima zangu, na umwambie ile kofia ya manyoya aliyonipa naivaa mpaka ofisini, na Warusi wananiita mbweha.

Sasa kaa vizuri, nina habari. Mkuu wa wilaya ameamua kuitolea wilaya yetu kitabu. Kitaitwa *Historia na Wakazi wa Wilaya ya Tuura-Suu*, na kitapelekwa kwenye maonyesho ya jimbo wakati wa vuli. Sura ya askari na barabara anaiandika mwenyewe. Sura ya watu, dada, amenipa mimi. Mimi, mtoto wa mullah Kenjebay, niliyekuwa nachapwa kwa kuandika herufi kinyumenyume. Jina langu litachapwa ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, lakini litachapwa.

Nimeanza na ngome ya udongo ya Wakokandi, waliotutawala kabla ya Warusi, nikaja kwenye vita, kisha mwaka mipaka ya wilaya ilipochorwa. Halafu bonde kwa bonde, nyumba ngapi, watu wangapi, wanaishi kwa nini. Sijakusahau. Nakunakilia hapa ukurasa wa kwenu, uwasomee majirani:

"Bonde la Ak-Kungey. Nyumba tisa, watu arobaini na wanne. Wafugaji wa kondoo na farasi. Malisho ya majira ya baridi ni mapana kuliko mahitaji ya wakazi, na sehemu yake kubwa, kwa kadiri ijulikanavyo, iko tupu."

Ni mfupi, najua. Ndiyo maana nakuomba uniandikie visa vya zamani vya huko, hasa lile kaburi la mawe lililo juu ya kijito. Mkuu anapenda sana mawe. Nimekutumia chai na bonge la sukari kwa mkono wa mchuuzi.

Ni mimi mdogo wako,
Osmonaly Kenjebay

*

Ak-Kungey
19 Machi

Mdogo wangu Osmonaly,

Chai imefika na sukari imefika. Sukari nimewagawia majirani wote, wale wa nyumba zako tisa na wale ambao wewe huwaoni.

Nyumba tisa. Nimeusoma ukurasa wako mara tatu nikidhani macho yangu yana moshi. Hebu nikuulize, umekula kwetu mara ngapi? Siku ya harusi yangu ulilala nyumba ya kaka mkubwa wa mume wangu, ukala nyama ya farasi kama uliyetoka kifungoni, ukaharisha siku mbili, na mkewe akakaa anakusugua tumbo kwa mafuta ya kondoo. Nyumba hiyo haimo kitabuni mwako. Sasa niambie ulisuguliwa na nani.

Tuko nyumba thelathini na nne. Na kama unataka kujua zile nyingine zimepotelea wapi, nitakueleza, maana nilikuwepo zilipopotea.

Ilikuwa baridi ya mwaka juzi. Theluji iliyeyuka kidogo, kisha ikaganda upya, nyasi zote zikawa chini ya barafu. Kondoo walikwangua mpaka kwato zikatoa damu. Kila mwanamume mwenye mikono miwili alikuwa juu huko anavunja barafu kwa shoka, hata baba mkwe na uzee wake. Kijijini tulibaki wanawake na watoto. Hapo ndipo afisa wenu wa kuhesabu watu akaja na kigari cha theluji, na kitabu, na mkalimani mmoja wa mjini aliyevaa viatu vya mpira juu ya buti kana kwamba ardhi yetu ina ugonjwa.

Aliingia kwa jirani yangu. "Nani mwenye nyumba?" Akajibiwa, "Ni nyumba ya Mgumu." "Hilo jina lake?" "Ndivyo tunavyomwita." "Jina alilopewa na baba yake ni lipi?" Jirani yangu akanyamaza. Ungetaka afanye nini? Amtaje mume wake kwa jina mbele ya mgeni? Wakaja kwangu, wakaniuliza jina la baba mkwe. Nikasema ni Mzee wa Nyumba Kubwa. Wakaniuliza la shemeji, nikasema Mlia-Mlimani. Yule mkalimani akacheka kwa pua.

Wewe umelelewa na mama yetu. Ulimsikia lini akimtaja babu? Alimwita Mwenye Msahafu tangu alipoingia ile nyumba mpaka babu alipofukiwa, na hata baada ya kufukiwa. Hakuna aliyemfikiria mama kuwa mjinga. Sisi sote hapa tumeolewa katika ukoo mmoja. Kila mwanamume wa bonde hili kwangu ni mkwe, au shemeji, au mume. Nilipoolewa niliwapigia magoti, nikawapa majina mapya ya heshima, na majina yao ya kuzaliwa nikayafungia mdomoni. Kwa hiyo tulinyamaza. Mkalimani akamwambia afisa neno moja fupi la Kirusi, afisa akafunga kitabu, wakaenda nyumba ya pili.

Sasa sikiliza. Mama mzazi anaruhusiwa kumtaja mwanawe. Palipokuwa na bibi kizee ndani, bibi alitaja wanawe na nyumba ikaandikwa. Tuna nyumba tisa zenye bibi kizee. Hao ndio wakazi wa wilaya yako.

Wala nisingekuandikia kwa ukali kama ingekuwa ni kitabu tu. Jumatatu amekuja mpimaji na mnyororo wake. Amesema nyumba tisa zina haki ya ardhi ya nyumba tisa, na inayobaki ni ziada. Amepiga vigingi kutoka mlimani mpaka chini ya zizi, na malisho yetu yote ya baridi yamebaki upande wa pili. Kigingi kimoja kimekitwa kati ya zizi letu na kaburi la mama mkwe wangu. Walowezi wanakuja vuli. Na wewe unajua, au ulikuwa unajua kabla hujavimba kichwa, kwamba bila malisho yale kondoo hawafiki Machi, na kondoo wasipofika na sisi hatufiki.

Mawe ya mkuu wako yapo. Watu ndio unaowafuta.

Dada yako,
Burulcha

*

Tuura-Suu mjini
2 Aprili

Dada Burulcha,

Barua yako imenichoma. Naomba unisikilize kwa utulivu, maana ukali hautasogeza kigingi hata kimoja.

Kwanza, idadi ile sikuitunga mimi. Iliandikwa na afisa, ikathibitishwa na mkuu wa tarafa yenu, ambaye ni Mkirgizi mwenzetu na amekula kwenu mara nyingi kuliko mimi. Aligonga muhuri bila kusema kitu. Pili, wanaume wenu walifika hapa wiki jana, wanane juu ya farasi, wakasimama uani mchana kutwa. Niliwaona dirishani. Walirudishwa mlangoni. Afisa wa walowezi alisema kila mtu atajidai ana nyumba akisikia ardhi inakatwa, na mkuu wa tarafa hatasema leo kwamba muhuri wake ulikosea.

Tatu, na hili nalisema kama ndugu. Mngewataja, dada. Mara moja tu. Nani angekufa? Mimi naheshimu desturi, lakini kuna siku desturi inakaa kando na kupisha. Warusi hapa hutaja baba zao na wake zao kutwa nzima na mbingu haijawaangukia. Mambo kama haya ndiyo yanayotufanya tuonekane watoto.

Lakini yaliyopita yamepita. Niandikie majina yote, nyumba kwa nyumba. Kuandika si kusema, kalamu haina ulimi. Nitayaweka mbele ya mkuu siku ambayo moyo wake ni mzuri. Nayasubiri.

Ndugu yako,
Osmonaly

*

Ak-Kungey
15 Aprili

Osmonaly,

Kwa hiyo uliwaona dirishani. Shemeji zangu wanane wamesimama uani mchana kutwa kwenye matope ya Machi, na wewe uko dirishani na kofia ya baba yao kichwani. Hukutoka hata na birika la chai. Wao hawakuniambia kwamba upo humo. Walikustahi.

Barua yako niliwasomea wanawake. Tulikaa nyumbani kwa mke wa Mgumu tukisuka nywele za farasi kwa ajili ya kamba, na tukagombana mpaka kamba ikaharibika. Wengine walisema sawa, kalamu haina ulimi, dada yetu aandike. Mke wa Mgumu alisema, "Na mkono unaoishika kalamu ni wa nani? Si ndio huohuo unaopiga goti?" Mwingine akauliza: yule atakayeisoma kwa sauti huko mjini, atakuwa anasoma kwa mdomo wa nani, si wetu? Hatukuafikiana. Aliye mdogo kuliko wote, aliyeolewa vuli iliyopita, alilia, kwa sababu bado anayachanganya majina ya heshima na anaogopa atatoa la kweli kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo nakuletea tunavyowaita. Mzee wa Nyumba Kubwa. Mgumu. Mlia-Mlimani. Mwenye Pembe. Sauti-ya-Asubuhi. Wako wote thelathini na wanne kwenye karatasi ya pili. Wewe ni mwanamume na si wa ukoo huu, una uhuru wote. Nusu yao unawajua, umecheza nao mieleka. Waandike majina yao wewe, na wale usiowajua toka nje ya ofisi siku moja uwaulize.

Na unisikilize na jambo hili. Uliniambia idadi hukuitunga wewe. Nimekubali. Lakini ile sentensi ya kwamba malisho ni mapana kuliko mahitaji, na kwamba "kwa kadiri ijulikanavyo" yako tupu, hiyo si ya afisa. Tulijifunza kuandika kwenye zulia moja mbele ya baba, mimi nikiwa nyuma ya pazia. Toka una miaka kumi, ulipokuwa hujui kitu ulikuwa unaweka "kwa kadiri ijulikanavyo". Baba alikuchapa kwa ajili hiyo. Sentensi ni yako, Osmonaly. Ulikaa ukafikiri kitu gani kitampendeza mkuu, ukaona bonde tupu litampendeza.

Unaita hiyo historia. Inaanza siku mlipochora mstari na kuuita wilaya, na kabla ya hapo kuna ngome ya watu waliokuja kutoza kodi. Bibi zetu walihamisha mahema kutoka kijito hiki mpaka barafu za juu na kurudi, kila mwaka, na kila mmoja alijua zizi la nani liko wapi bila kuandikiwa na mtu. Hakuna aliyewahi kuja hapa akaona patupu. Imekuwa patupu kwenye meza yako.

Burulcha

*

Tuura-Suu mjini
30 Aprili

Dada,

Nimepokea. Kuhusu ile sentensi sitasema kitu.

Karatasi yako niliipeleka. Nilidhani nitapewa muda niandike majina halisi pembeni, lakini mkuu alikuwa na wageni, akaniambia niitafsiri palepale kwa sauti. Nikatafsiri. Mgumu, Mwenye Pembe, Mlia-Mlimani. Walicheka mpaka mke wa daktari akafuta machozi. Hata mimi nilishindwa kujizuia, maana kwa Kirusi kweli inachekesha. Walidhani ni orodha ya ng'ombe. Mkuu akaomba aruhusiwe kubaki nayo, aionyeshe wenzake.

Hata hivyo kicheko kilimlainisha. Amekubali tume ije Ak-Kungey tarehe 20 Mei kabla ya mpaka kuthibitishwa. Lakini afisa wa walowezi ameweka sharti, na sharti lenyewe nakuomba ulisome polepole. Neno la wanaume halitapokelewa, kwa kuwa wana masilahi. Walioulizwa siku ile ni wanawake. Kwa hiyo ni wanawake haohao watakaoulizwa tena, palepale, kwa mdomo, mbele ya mashahidi. Atakayetaja jina la mwenye nyumba, nyumba yake itaandikwa. Atakayenyamaza, itabaki kama ilivyo, na vigingi vitabaki.

Nilimwambia afisa kwamba kwetu hilo ni gumu. Akasema kama ni gumu kuliko kupoteza ardhi, basi ardhi hamuihitaji.

Dada, sitakufundisha tena. Nakuomba tu.

Osmonaly

*

Ak-Kungey
24 Mei

Osmonaly,

Kwa kicheko chako nilitaka nisikuandikie kabisa. Mwenye Pembe ndiye aliyekutoa mtoni mwaka ule uliposombwa na maji. Ulicheka pamoja na mke wa daktari. Nimelisema, limekwisha, sasa nakueleza yaliyotokea ili angalau mtu mmoja katika ofisi ile ayajue kwa ukweli.

Walikuja wanne. Afisa wa walowezi, karani, askari, na mkalimani yule yule wa viatu vya mpira. Walitandikiwa zulia pale penye kigingi cha kaburini. Tulichemsha nyama, hawakula. Afisa alikuwa anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda upande wa kaburi. Wanaume walisimamishwa mbali, kule kwenye ukuta wa zizi, wasije wakatupa ishara. Baba mkwe peke yake alibaki juu ya farasi wake, katikati, na askari hakuthubutu kumshusha. Kutoka pale angesikia kila neno.

Usiku wa kuamkia siku ile hakutuambia tutaje, wala hakutuambia tusitaje. Mume wangu alinigeuzia mgongo akasema tu, "Wewe ndiye unayejua." Nilimkasirikia. Mambo ya ukoo mzima, na ghafla ni mimi ninayejua.

Aliitwa kwanza mke wa Mgumu. Afisa akauliza jina la mume. Alifungua mdomo, akaufunga. Shingo yake ikawa nyekundu. Afisa akatazama saa. Akaitwa wa pili, akajifunika uso kwa kitambaa. Akaitwa yule mdogo wa vuli, akakimbia. Mkalimani akamgeukia afisa akasema lile neno lake fupi, lile la mwaka juzi. Safari hii nilikuwa nimeuliza maana yake kwa mchuuzi. Linamaanisha "wanakataa".

Hatukukataa, Osmonaly. Siku ile hatukukataa na siku hii hatukukataa. Mtu mzima na buti zake anasimama mbele ya mwanamke aliyezibwa koo na heshima, anasema anakataa, na kwa neno hilo moja nyumba ishirini na tano zinakuwa mavumbi. Nikasimama bila kuitwa.

Nilikwenda mbele ya farasi wa mzee nikapiga magoti mara tatu, mikono kifuani, kama siku niliyoingizwa kwake na pazia usoni. Kisha nikamgeukia afisa, nikaanza na lililo zito kuliko yote ili mengine yasinishinde.

Nikasema, "Toktosun."

Unaona, sasa naliandika. Nimeshalisema, kalamu haina cha kunilaumu. Sauti haikuwa yangu. Nyuma yangu mwanamke mmoja alitoa mlio kama aliyemwagikiwa na maji ya moto. Farasi alitikisa kichwa, mzee hakutikisika. Nikaendelea. Temirbek, ambaye tulimwita Mgumu. Boribay. Kochkor. Tangatar. Nikawataja na waliokufa, ambao wake zao bado wanawasha moto. Nikamtaja na mume wangu, Mambetaly, ambaye sijawahi kumwita hata tukiwa wawili gizani. Nilipofika nyumba ya kumi na kitu mate yalikauka, na mke wa Temirbek akaja akasimama kando yangu akaendelea pale nilipoachia, macho kafumba. Halafu mwingine. Halafu yule mdogo, aliyerudishwa na wenzake, akasema jina la shemeji yake kwa sauti ndogo mno mpaka karani akamwomba arudie, na akarudia.

Usinipongeze. Najua kalamu inakuwasha uniandikie kwamba nimekuwa jasiri. Sikufanya jambo la kujivunia. Nilikuwa na kitu changu nilichokitunza miaka kumi na minane, hakuna aliyenilazimisha kukitunza, na nimekitoa mbele ya mtu anayetema maganda kaburini, ili akubali kwamba watu anaowaona kwa macho yake wapo. Walikuwa wamesimama pale ukutani, Osmonaly. Angeweza kuwahesabu kwa kidole.

Karani alipomaliza, mzee akashuka. Hajawahi kushuka farasi mbele ya mkazamwana. Akaja moja kwa moja, mjeledi mkononi, nikajua ananipiga, na nilikuwa tayari nipigwe. Akanipita. Akasimama mbele ya zulia.

"Umeandika?"

"Nyumba thelathini na nne," mkalimani akajibu.

"Nisomee yangu."

Karani akasoma, mkalimani akageuza. "Toktosun, mwana wa Baike. Mwanawe Mambetaly. Mke wa mwana, mmoja. Watoto, wanne."

"Mke wa mwana hana jina?"

"Hakuna nafasi ya majina ya wake, mzee. Wanahesabiwa tu."

"Huyu ndiye aliyekupa majina yote hayo. Ulidhani ameyatoa wapi, chini ya jiwe? Yeye mwenyewe hukumuuliza anaitwa nani."

"Hakuna nafasi, mzee."

"Basi weka nafasi."

Afisa akauliza kuna nini. Wakaelezana kwa Kirusi. Afisa akainua mabega, akasema sijui nini, karani akachovya kalamu. Na mzee, ambaye tangu nilipoingia nyumbani kwake ameniita "mwanangu", na "wewe wa jikoni", na akiwa amefurahi "mama wa watoto", alimwangalia karani, hakuniangalia mimi, akasema, "Burulcha. Binti wa mullah Kenjebay. Andika, nikuone ukiandika."

Nililia, sikuficha. Nilikuwa nadhani halijui.

Vigingi wamevihamisha juzi. Sasa viko kando ya kijito. Upande wa huku wa malisho umebaki wetu, upande wa kule umekwenda, kwa sababu afisa anasema thelathini na nne wanatosha huku. Hatutoshi. Tutachinja theluthi ya kondoo kabla ya theluji na kuona. Kaburi la mama mkwe liko upande wetu. Mke wa Temirbek amejifungia ndani tangu siku ile, hatoki, anasema hawezi kumtazama mume wake usoni. Temirbek anakaa nje ya mlango akimsemesha kupitia upenyo.

Kwa hiyo tupo. Kitabu chako kiandike tupo.

Burulcha

*

Tuura-Suu mjini
11 Septemba

Dada yangu,

Nimechelewa kukujibu miezi mitatu na zaidi, na sababu ni aibu.

Siku barua yako ilipofika nilikwenda kwa mkuu nikamwambia ukurasa wa Ak-Kungey ubadilishwe, nyumba ni thelathini na nne na tume imethibitisha. Akasema karatasi za tume zimepelekwa jimboni na hazijarudi, na kitabu lazima kilingane na kilichopigwa muhuri. Nikarudi tena. Nikarudi mara ya tatu, akaniuliza kama nimechoka na kazi. Nikamwambia kama idadi haibadiliki basi wafute jina langu.

Kitabu kimetoka jana. Kina jalada jekundu na picha ya daraja. Jina langu wamelifuta. Nyumba tisa zimebaki.

Na sentensi imebaki. Sasa haina mwenyewe, lakini wewe na mimi tunajua.

Nimeacha kazi. Sijui nitafanya nini. Nina nakala moja hapa mezani na ninashindwa kuichoma, kwa sababu sura ya ngome niliiandika vizuri. Mwambie mzee, kwa jina lolote unalomwita sasa, kwamba kofia yake nimeivua. Sistahili.

Osmonaly

*

Ak-Kungey
28 Septemba

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma mbele ya mzee kwa sababu aliniamuru. Nilidhani atatukana. Alikaa akivuta ndevu, kisha akasema niandike maneno yake kama alivyoyasema, nisiongeze wala nisipunguze:

"Mwambie avae kofia, kuna baridi. Na hicho kitabu asikichome. Aje nacho. Tutakaa sote hapa, atusomee sisi ambao hatupo. Nyumba tisa zitachinja kondoo, na zile ishirini na tano ambazo hazipo zitakula."

Mimi bado nina hasira nawe, na nitakuwa nayo ukifika, na itakaa mpaka nitakapoona yenyewe inataka kuondoka. Lakini njoo. Mke wa Temirbek ametoka ndani. Amerudi kumwita Mgumu, na sisi wengine tumerudi vilevile, majina ya kweli tumeyafungia tena. Kitu kimoja tu hakikurudi kilipokuwa. Asubuhi mzee akitaka chai haniiti tena "wewe wa jikoni". Anapaza sauti ua mzima usikie, na wale walowezi waliopiga hema zao ng'ambo ya kijito nao wanageuka kumtazama.

Pita njia ya juu, daraja la chini limebomoka.

Dada yako, kama mkwe wangu anavyoniita,
Burulcha